Kupoteza harufu na ladha baada ya homa: dhana potofu na ukweli

"Ulimi wangu umekufa." Mara nyingi ulimi ni mzima. Wenyewe hutambua utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule ukolezi wa supu ya nyama, basi. Dania ya kachumbari na moshi wa nyama choma hupanda kwa nyuma ya koo hadi puani. Bana pua, tafuna peremende ya matunda, kisha achilia. Ukisikia utamu bila kutambua tunda hata baada ya kuachilia, kilichopotea ni kunusa.

"Pua haijaziba, basi si virusi." Mafua huziba njia ya harufu, korona inaweza kukunyima harufu pua ikiwa wazi kabisa. Virusi vyake hushambulia hasa seli zinazotegemeza neva za kunusa, si neva zenyewe, ndiyo maana wengi hupona baada ya wiki chache. Neva zikidhurika, zinaweza kukua upya kwa miezi.

"Pilipili inaniwasha, kwa hivyo nanusa." Mwasho hupita kwenye neva nyingine, ile inayohisi mguso na maumivu ya uso. Jipime kwa kahawa au iliki.

"Kujifukiza kutarudisha harufu." Mvuke hulegeza kamasi tu, na sufuria ikipinduka unaungua. Antibiotiki haziui virusi. Dawa za zinki za kutia puani ziepuke kabisa: mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba zinaweza kuua uwezo wa kunusa.

Kinachofaa kujaribu ni mazoezi ya kunusa ambayo mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha mwaka huohuo wa 2009: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Dondoshea pamba mafuta ya kila harufu, kila moja na kichupa chake chenye kifuniko. Asubuhi na jioni, nusa kila kichupa taratibu kwa sekunde 10 hadi 20 huku ukikumbuka harufu yake. Usivute kwa nguvu. Endelea wiki 12 au zaidi. Wengi huacha wiki ya pili, mapema mno, na wengine husahau kubadilisha pamba iliyokauka.

"Kahawa inanuka kama uozo, nimezidiwa." Harufu kupotoka huja wiki au miezi baadaye, mara nyingi neva zikijiunga upya. Vitunguu vya kukaanga na mayai huchukiza zaidi. Chakula kilichopoa hutoa harufu kidogo.

Usiyenusa, gesi ya mtungi usiichukulie kwa mzaha. Paka maji ya sabuni kwenye regyuleta na mpira; povu likitokea, funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi. Na harufu ikipotea upande mmoja tu, au baada ya kugonga kichwa, nenda kliniki ya masikio, pua na koo.