Luger P08: Bastola ya Afisa wa Kijerumani Ilivyozaliwa na Ilivyoachwa

Wageni wanaotazama picha za vita vya Tanga vya Novemba 1914 huuliza sana kuhusu bastola inayoning'inia kiunoni mwa afisa wa Kijerumani, yaani Luger. Niseme mapema kwamba Tanga haikupiganiwa kwa bastola. Jeshi la Uingereza lililoletwa kutoka India na kushukia Ras Kasone lilirudishwa melini kwa bunduki na rashasha, na wengi waliozishika walikuwa askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, ambao majina yao hatuyataji vya kutosha. Bastola ilikuwa silaha ya afisa, ya kujihami kwa karibu. Lakini anayetaka kuelewa silaha za zama zile zilivyobadilika, Luger ni mahali pazuri pa kuanzia.

Mwaka 1893 Hugo Borchardt alibuni bastola iliyojipakia risasi yenyewe. Ilifanya kazi, ila ilikuwa kubwa na haikukaa vizuri mkononi. Georg Luger, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi katika kiwanda cha silaha cha DWM, Berlin, akaipunguza, akaulaza mpini na kuficha springi kuu ndani yake. Uswisi ikaipokea mwaka 1900, wanamaji wa Ujerumani 1904, na jeshi la nchi kavu 1908, ndipo ikaitwa P08. Magazini yake ilibeba risasi 8. Wajerumani walitaka risasi nzito kuliko ile ya kwanza ya milimita 7.65, Luger akawatengenezea ya milimita 9. Risasi hiyo ingali inatumika katika majeshi mengi duniani.

Utamu wa bastola hii uko juu ya mpini. Risasi inapotoka, mtutu na kifunga chemba (chumba inamokaa risasi) hurudi nyuma pamoja kidogo, kisha kiungo kilichonyooka hukunjwa kuelekea juu kama goti, ganda tupu likatupwa nje. Springi hulinyoosha tena goti hilo, na risasi mpya inaingia. Chemba ikiwa na risasi, kibanzi kidogo cha chuma huinuka na kuonesha neno GELADEN, yaani imejazwa. Hata gizani afisa aliweza kukipapasa kwa kidole akajua.

Sasa tazama vipande vyenyewe. Vingi vimegongwa tarakimu mbili ndogo, ambazo ni za mwisho za namba ya bastola nzima. Fundi alivilinganisha kimoja kimoja hadi vikashikana, kwa hiyo cha bastola nyingine huenda kisikae sawasawa. Sisi wahifadhi wa vitu vya kale tukikuta tarakimu zisizofanana tunajua silaha hiyo iliwahi kufunguliwa na kuunganishwa upya.

Kwa maoni yangu, ufundi huo huo ndio ulioiponza. Kazi ilikuwa ndefu na ya gharama, na vita vinataka silaha nyingi kwa haraka. Tena goti lile lilitaka usafi na risasi zenye nguvu inayolingana; tope, mchanga au baruti dhaifu vingeweza kulikwamisha. Mwaka 1938 jeshi la Ujerumani likachagua bastola nyingine, Walther P38, iliyokuwa nafuu na ya haraka kuitengeneza. Luger za jeshi hilo ziliendelea kutoka kiwandani miaka michache tu baada ya hapo.

Jambo la mwisho linatuhusu wakazi wa Tanga moja kwa moja. Ukichimba msingi au kulima ukakuta bastola, risasi au chuma usichokielewa, usikiokote, usikisugue kutu, wala usijaribu kukifungua. Risasi iliyokaa ardhini miaka mia moja bado inaweza kulipuka. Kumiliki silaha bila kibali pia ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Waondoe watoto, weka alama kwa mbali, na umwarifu mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi. Waeleze ilipokutwa, kina chake, na kilichokuwa kando yake, maana maelezo hayo hutusaidia wahifadhi kuliko chuma chenyewe.