Dresaji ughaibuni: yanayosemwa vijiweni Mwanza na yaliyopo mabandani

Video za Olimpiki ya Paris 2024 bado zinazunguka kwenye simu: farasi anapiga hatua kwa mdundo wa muziki mbele ya kasri la Versailles, mpandaji ametulia juu kama hafanyi chochote. Pamoja na video zinazunguka hadithi. Kijiwe cha Kirumba kinasema Ulaya wanatafuta watu wa farasi, Nyegezi wanasema kuna wakala, Igoma wanasema ukifika tu unapewa farasi na mshahara. Nimefanya kazi mabandani kaskazini mwa Ujerumani, na vijana wanaonifuata kuniuliza huwa wameshaamini nusu ya hayo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Dresaji si mbio, na si kuruka viunzi. Ni uwanja wa mchanga wa mita 20 kwa 60, wenye herufi pembeni, na mpandaji anapita humo akionyesha mambo yaliyopangwa: farasi atembee, aende telki, aende shoti ya polepole, apige miguu ya upande upande, abadilishe mguu unaotangulia akiwa hewani, na kwenye ngazi ya juu kabisa apige telki papo hapo bila kusonga mbele, kitu kinachoitwa piafe. Majaji wanatoa alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila kipengele. Onyesho la ngazi ya Grand Prix linachukua kama dakika sita. Farasi hawezi kuingia ngazi hiyo kimataifa kabla hajafikisha miaka minane, na kazi ya kumwandaa huanza akiwa na mitatu au minne. Yaani anayekuajiri ameweka miaka mingi kwenye mgongo wa mnyama huyo kabla wewe hujafika, na hilo litaeleza mengi hapa chini.

“Ukiajiriwa, kazi yako ni kupanda farasi”

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kazi unayopewa ni ya saisi, na saisi anaamka kabla ya farasi hawajaanza kugonga milango. Unawalisha, unazoa samadi kwa toroli, unaweka maranda au majani makavu mapya, unakagua ndoo za maji, unachokoa kwato zote nne za kila farasi, unawatoa malishoni mmoja mmoja. Kisha unatandika farasi wa bosi, unampokea akishuka, unamtembeza mpaka pumzi itulie, unamwosha miguu, unapangusa tandiko na hatamu, unafagia ujia. Jioni unarudia. Farasi mzima wa aina ile ana kilo 600 hivi na anakula muda mwingi wa siku, kwa hiyo anachotoa hakipungui. Mtu wa Mwanza ambaye hajaonja Desemba ya kule ajue kwamba jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, na maji ya ndoo yanaganda hadi unayapasua kwa kisigino.

Kupanda kupo. Kunaanza na kumtembeza farasi aliyemaliza kazi, au kumpasha moto kabla bosi hajapanda. Mwalimu akikuona una nia anakuweka kwenye farasi mzee mwenye adabu, anamshika kwa kamba ndefu na kumzungusha, wewe huna hatamu wala vikuku, mikono kiunoni. Unazunguka hivyo wiki kwa wiki. Ni somo bora kuliko yote, maana kiti, yaani mkao wako mgongoni, kikikaa sawa mengine yanafuata, lakini aliyekuja na picha ya Versailles kichwani hulichukulia kama adhabu.

Kuna mabanda yanayotoa mafunzo badala ya sehemu ya mshahara: unafanya kazi, unapata chumba, chakula na masomo. Mpango huo wenyewe si wizi. Wapandaji wakubwa wamepitia njia inayofanana na hiyo. Charlotte Dujardin wa Uingereza aliingia kwenye banda la Carl Hester kama mfanyakazi, akakabidhiwa farasi kijana aitwaye Valegro, na mwaka 2012 kwenye Olimpiki ya London wakachukua dhahabu mbili. Lakini mpango huo ni mzuri pale tu masomo yanapoandikwa. Masomo mangapi kwa wiki? Nani anafundisha, bosi mwenyewe au msaidizi? Juu ya farasi yupi? Siku ya mapumziko ni ipi? Bosi anayejibu “tutaona ukifika” ameshakujibu. Banda likizidiwa na kazi, kitu cha kwanza kukatwa ni somo lako, kwa sababu samadi haisubiri. Binti mmoja aliniuliza kama kuuliza hayo si utovu wa adabu. Nilimwambia Mjerumani anashangaa zaidi usipouliza.

“Nenda kwa viza ya matembezi, kazi utaipata hukohuko”

Viza ya matembezi ya nchi za Schengen, yaani sehemu kubwa ya Ulaya pamoja na Ujerumani, inakupa hadi siku 90 ndani ya siku 180, na hairuhusu kazi. Watu wanadhani kwa kuwa hawalipwi fedha, bali wanapewa kitanda na ugali wa kizungu, basi hiyo si kazi. Ni kazi. Ukikamatwa unarudishwa, na ombi lako linalofuata linaanza na doa. Kibaya zaidi ni kwamba farasi akikupiga teke huna bima, na kupigwa teke si jambo la “ikitokea”.

Njia iliyo wazi zaidi ninayoifahamu ni mafunzo ya ufundi ya Ujerumani, yanayoitwa Pferdewirt. Ni miaka mitatu, unafanya kazi kwenye banda lililoidhinishwa na unakwenda chuo cha ufundi kwa vipindi. Yana matawi: kutunza farasi, uzalishaji, mbio, upandaji wa kiasili ambao ndio wenye dresaji, na aina nyingine za upandaji. Mwanafunzi analipwa. Kima cha chini cha kisheria kwa mafunzo yaliyoanza mwaka 2025 kilikuwa euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, na mwajiri anaweza kukata humo chumba na chakula. Ukizigeuza kuwa shilingi zinapendeza. Ukizitumia kule hazifiki mbali, ndiyo maana ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaweza kujikimu.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Kwa kawaida wanataka Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, na bosi anayepiga kelele “acha hatamu!” farasi akiwa ameshtuka hatakungojea utafsiri. Goethe-Institut, kituo kinachofundisha Kijerumani, ipo Dar es Salaam, si Mwanza, kwa hiyo panga nauli na malazi mapema badala ya kumpa mtu hela ya “kuharakisha”. Na tawi la upandaji ni gumu kuingia kwa mtu asiyejua kupanda kabisa. Mabanda mengi yatakuelekeza kwenye tawi la kutunza. Sioni ubaya wake. Mtunzaji mzuri anatafutwa kuliko mpandaji wa wastani.

Jambo moja ambalo mawakala hawalisemi: mkataba una kipindi cha majaribio cha mwezi mmoja hadi minne, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja. Mafunzo yakikatika bila kosa lako, sheria inakupa hadi miezi sita kutafuta nafasi nyingine. Wapo waliotishiwa “ukiondoka hapa unarudishwa kesho” wakavumilia mateso kwa kutojua hilo.

Kuhusu mawakala wenyewe, sina mengi. Huku kwetu anayesafirisha watu kwenda kazini nje anapaswa kuwa na leseni, na Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ndio mahali pa kuuliza kama jina lake linajulikana. Mtu anayekutana nawe kwenye mgahawa, anayetaka milioni kadhaa kabla hujaona jina la banda, na anayesema pasi yako ikae kwake “kwa usalama”, hata kama ni mtoto wa shangazi, muage.

“Uarabuni ndiko kwenye farasi”

Farasi wako wengi, na wazuri. Lakini kule kinachotawala ni mbio, mbio ndefu za jangwani na kuruka viunzi. Dresaji ni ndogo. Kazi nyingi zinazowafikia watu wa Afrika Mashariki ni za usaisi, na kibali chako cha kuishi huwa kimefungwa kwa mwajiri. Anayetaka mshahara wa usaisi aende akijua hivyo. Anayetaka kujifunza dresaji atakuwa amepanda basi la Bukoba wakati safari yake ni ya Musoma.

“Sisi tuliokulia na ng'ombe tunajua wanyama tayari”

Ukweli uko katikati, na mimi naupenda upande wa ndiyo. Mtoto wa Magu au Misungwi aliyefundisha maksai kukokota plau anajua vitu ambavyo mtoto wa mjini Ulaya anavilipia: kusimama pembeni si nyuma, kusoma masikio, kutokuwa na papara, kujua kwamba mnyama aliyechoka hafundishiki. Hata anayechota maji kwa punda ziwani ana mwanzo huo.

Upande wa pili ni kwamba farasi hawazi kama ng'ombe. Ng'ombe akiogopa anasimama na kukutazama. Farasi anakimbia kwanza, kisha anauliza. Sauti na fimbo zinazomsogeza maksai zitamharibu farasi wa dresaji kwa alasiri moja, kwa sababu amefunzwa kusikia uzito wa nyonga yako ukihama kidogo. Mwili wako ndio lugha, na lugha hiyo haipatikani kwa nguvu za mikono. Nimeona vijana wenye misuli wakitupwa chini na farasi ambaye dakika kumi baadaye alimbeba msichana mwembamba bila tatizo.

Mahali pa kuanzia bila kuvuka bahari papo, ingawa si Mwanza mjini kwa kadiri ninavyopajua. Arusha na Dar es Salaam kuna watu wanaofuga na kufundisha, Nairobi ni zaidi, na kwenye ziwa letu hilihili, upande wa Kampala, kuna kituo cha farasi Munyonyo. Miezi michache ya usaisi katika sehemu kama hizo, na barua ya mwenye banda, ina uzito kuliko vyeti vingi.

“Umri umepita, tena ni mchezo wa wanaume”

Hii niipite haraka. Dresaji ni kati ya michezo michache ya Olimpiki ambapo wanawake na wanaume wanashindana pamoja. Wanawake waliruhusiwa mwaka 1952, na mwaka huohuo Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza miguu chini ya magoti kwa polio, akachukua medali ya fedha. Hiroshi Hoketsu wa Japani alishiriki London 2012 akiwa na miaka 71. Na Afrika ipo uwanjani: Yessin Rahmouni ameiwakilisha Morocco katika mchezo huu.

“Ukiwa hodari utapewa farasi”

Utapewa kumpanda. Edward Gal wa Uholanzi alichukua dhahabu tatu za dunia mwaka 2010 akiwa na farasi Totilas, na wiki chache baadaye wenye farasi huyo wakamuuza Ujerumani, kwa bei iliyoripotiwa kufikia mamilioni ya euro. Kama bingwa wa dunia aliachwa na hatamu tupu, saisi kutoka Ilemela asijenge ndoto juu ya mgongo wa farasi mmoja. Wanaosema huu ni mchezo wa matajiri hawajakosea sana. Wamekosea pale wanapodhani tajiri ndiye anayejua. Mara nyingi anayejua ndiye anayelipwa kufundisha farasi wa tajiri, na hiyo ndiyo ajira yenyewe.

“Farasi anafundishwa kwa kiboko”

Dujardin huyohuyo alijitoa Paris 2024 siku chache kabla ya mashindano, baada ya kutokea video ya zamani ikimwonyesha akimchapa farasi miguuni mara nyingi wakati wa mafunzo. Shirikisho la kimataifa, FEI, lilimfungia mwaka mmoja. Damu ikionekana kwa farasi mashindanoni unaweza kuondolewa hapohapo. Kwa mfanyakazi mgeni hili lina upande wake mgumu: unaweza kuona jambo bandani na ukaogopa kusema kwa sababu ya kibali. Andika tarehe, jina la farasi na ulichokiona, hata kama leo hutampelekea mtu.

“Nitarudi na farasi wangu, nifungue shule Capri Point”

Wazo linavutia hadi mganga wa mifugo aingie. Kusini mwa Sahara kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi. Pundamilia na punda huubeba bila kuugua sana, na Serengeti haiko mbali. Farasi mgeni asiye na kinga, hasa aliyezaliwa Ulaya, akiupata kwa ukali wake wote, uwezekano wa kufa unaweza kuzidi asilimia 90. Kuna chanjo, nayo inadai ratiba na kumfungia ndani jioni na alfajiri visubi wanaporuka. Upande wa magharibi wa ziwa kuna pia mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, haimhurumii farasi. Halafu kuna safari ya kurudi: Ulaya haipokei farasi kutoka nchi zenye ugonjwa huo ila kwa masharti mazito ya karantini, kwa hiyo ukimleta, umemleta moja kwa moja.

Kinachorudi kwa urahisi ni ufundi. Fundi wa kwato anayejua kazi anaweza kupata wateja Arusha na Nairobi, na punda wa kanda ya ziwa wanatembea na kwato ndefu zilizopinda kwa sababu hakuna anayezikata. Anayekwenda kwa miaka mitatu aombe, tangu wiki ya kwanza, kusimama karibu na fundi wa kwato kila anapokuja bandani. Huwa anakuja kila baada ya wiki sita hadi nane, na mara nyingi anahitaji mtu wa kumshikia farasi.