Sumu sugu katika mashapo ya ziwa: dhana potofu na ukweli

"Ziwa lililo mbali na viwanda ni safi."
Ziwa Siskiwit liko kwenye kisiwa cha Isle Royale, ndani ya Ziwa Superior, Marekani. Halina kiwanda kando yake, na maji ya Superior hayalifikii, kwani uso wake uko juu zaidi kwa mita 17 hivi. Hata hivyo mashapo yake, yaani tope lililotua chini tabaka juu ya tabaka, yana PCB (kemikali za viwandani zenye klorini) na dioksini (sumu zinazotokea vitu vyenye klorini vinapochomwa). Zimeletwa na hewa.

"Dioksini ni za tangu zamani, zinatokana na moto wa misitu."
Misitu imeungua enzi na enzi; basi tabaka za chini zingekuwa zimejaa. Huko Siskiwit, tabaka za kabla ya 1940 hivi zina kiasi kidogo mno, kisha kiasi kinapanda sambamba na kuenea kwa kemikali zenye klorini na uchomaji wa taka zake. Makaa ya mawe nayo si chanzo kikuu, kwani yalikuwa yakichomwa kwa wingi kabla ya hapo.

"Pima kina, utajua mwaka."
Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Umri wa tabaka hupatikana kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua nusu kila miaka 22 hivi, hivyo haiwezi kupima umri unaozidi sana miaka 100 hadi 150. Ihakikishe kwa sesiamu-137, nayo yenye mnururisho: kilele chake ni 1963, matokeo ya majaribio ya mabomu ya nyuklia; Ulaya kuna pia cha 1986, cha ajali ya nyuklia ya Chernobyl.

Kwa bomba, chukua nguzo ya mashapo penye kina kirefu na utulivu. Ikiwa tope hujilimbikiza milimita 1 kwa mwaka, kipande cha sentimita 1 kimebeba miaka 10, kwa hiyo kata vyembamba. Ondoa ukingo wa kila kipande, maana bomba likishuka huburuta tope la juu hadi chini. Minyoo wakivuruga sentimita 5, miaka 50 imechanganyika, na DDT, dawa ya kuua wadudu, itaonekana kwenye tabaka za kabla haijaanza kutumika.

"Kipimo kikishuka, uchafuzi umepungua."
Si lazima. Chukua nanogramu za sumu zilizo katika kila gramu ya tope, uzizidishe kwa gramu za tope zinazotua kwenye kila sentimita ya mraba kwa mwaka; utapata sumu inayoingia: 10 × 0.05 ni 0.5. Miti ikikatwa na tope likaongezeka maradufu, 5 × 0.1 bado ni 0.5. Sumu inayoingia ni ileile, tope tu limeizimua.

"Sumu ikipigwa marufuku, imekwisha."
Katika Oberaarsee, ziwa la milimani Uswisi, sumu hizi zilifikia kilele miaka ya 1960 na 1970, zikashuka, kisha zikapanda tena kuanzia mwisho wa miaka ya 1990. Barafu ya milimani iliyozihifadhi inayeyuka na kuziachia.

Pima pia DDE na DDD. DDT hugeuka DDE penye oksijeni na DDD pasipo oksijeni, kama ndani ya tope. Anayepima DDT peke yake ataona imetoweka kwenye tabaka za kale, kumbe imebadilika tu.