Kwa nini aliyekata mtu panga hafungwi maisha

Malalamiko haya tunayapokea dirishani hapa mahakamani kila mara: sheria inasema maisha, mbona aliyemkata ndugu yangu panga amepewa miaka kumi? Kisha hufuata tuhuma za hongo.

Tusomeni vizuri. Kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema anayemsababishia mwenzake madhara makubwa mwilini *anaweza* kufungwa maisha. Kifungu cha 26 kinamruhusu hakimu kutoa muda mfupi zaidi. Maisha ni kikomo, si bei iliyobandikwa dukani.

Mengi huharibika mapema, kwenye P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Daktari akiandika "jeraha mkononi" bila kutaja kwamba kano zimekatika na vidole havikunjiki, shtaka linaweza kushuka hadi kifungu cha 251, shambulio lenye madhara ya mwili, ambacho kikomo chake ni miaka mitano. Kovu la kudumu usoni nalo ni madhara makubwa. Liandikwe.

Mshtakiwa akishapatikana na hatia, hakimu huweza kuagiza ripoti ya afisa wa probesheni, ambaye huzungumza na familia, chifu na mwathiriwa. Hupimwa silaha iliyotumika, kama shambulio lilipangwa, kama kulikuwa na uchokozi, kama mtu alikiri mapema, na rekodi yake. Chini ya Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, aliyeumizwa anaweza kueleza jinsi maisha yake yalivyobadilika. Wengi siku hiyo hawaji. Wanakuja wiki inayofuata, kulalamika.

Siku za rumande nazo lazima zizingatiwe: kifungu cha 333(2) cha Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Jinai. Aliyekaa ndani miaka miwili kabla ya hukumu hakupendelewa muda huo ukihesabiwa.

Kuhusu zile barua za wazee zenye alama za vidole gumba, "tumelipana mbuzi watatu, kesi ifungwe": hapana. Kifungu cha 176 cha Kanuni hizo hizo za Utaratibu kinahimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa madogo ya aina hiyo. Kosa la kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu si dogo, na anayeshtaki ni Jamhuri, si shangazi yako. Ileteni barua hata hivyo. Hakimu anaweza kuitazama anapopima adhabu.

Rufaa hukatwa Mahakama Kuu ndani ya siku 14. Mfungwa anayelalamikia ukali wa adhabu ajue kwamba huko inaweza kupunguzwa, na inaweza pia kuongezwa. Akitahadharishwa hivyo na jaji, bado ana nafasi ya kuiondoa rufaa yake.