Jino la utoto likioza, si la kusubiri ling'oke

Wazazi wengi bado huambiwa kwamba jino la utoto likioza si neno, kwani litang'oka tu. Litang'oka, ndiyo, lakini lini? Magego ya utoto hukaa kinywani hadi mtoto afikishe miaka 10 hadi 12. Muda wote huo yanatafuna na kushikilia nafasi ya meno ya ukubwani yanayokua chini yake. Gego likitolewa mapema mno, meno ya jirani husogea, na jino jipya huweza kukosa njia likaota upande. Usaha kwenye mzizi nao unaweza kuliharibu jino changa lililo chini. Na maumivu, jamani, mtoto huyasikia kweli: hapati usingizi, wala hawezi kula. Mswaki uanze jino la kwanza linapochomoza, kwa dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayosaidia meno yasioze), kiasi cha punje ya mchele.