Mtoto anayeng'ata na kupiga: dhana potofu kuhusu kumfundisha kuomba anachotaka badala ya kupiga

Dhana: Ni utundu tu, hana adabu.
Asiyeweza kusema "nimechoka" hutumia njia aliyonayo: hung'ata, hurusha vitu, hujigonga kichwa. Kwanza hakikisha haumwi jino wala sikio. Kisha kwa wiki moja andika kila tukio katika safu tatu: nini kilitangulia, alifanya nini, alipata nini baada ya hapo. Safu hiyo ya tatu ndiyo ya kuisoma kwa makini. Je, aliangaliwa? Alipewa kitu? Aliepushwa na kazi?

Dhana: Mfundishe ombi lolote, atatulia.
Hapa ndipo wengi hukwama. Mwaka 1985, wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand waliwafundisha watoto wanne maneno ya kuomba. Waliosumbuliwa na kazi ngumu walitulia walipojua kuomba msaada; waliotaka kuangaliwa, walipojua kuomba sifa. Ombi lisilolingana na sababu halikuwatuliza.

Kwa hiyo anayepiga ili akwepe hesabu, kadi ya "maji", anayokukabidhi kuomba maji bila kusema, haimfai. Mpe ya "mapumziko". Ombi liwe jepesi kuliko kupiga: kadi moja, ishara moja au neno moja. Mfundishe kabla hajapandwa na hasira. Kazi inapoanza kumlemea, ongoza mkono wake akukabidhi kadi, na mpumzishe papo hapo, dakika moja au mbili. Baadaye gusa kiwiko tu, kisha elekeza kwa kidole, kisha subiri aanze mwenyewe.

Dhana: Kadi zitamzuia kuongea.
Hazimzuii. Tafiti hazijaona hasara hiyo, na baadhi ya watoto huongeza maneno.

Dhana: Sasa ataomba mapumziko kutwa.
Mwanzoni, ndiyo, na ni dalili njema. Mkubalie kila mara. Ombi likishazoeleka, mwonyeshe kadi ya "subiri": sekunde 5, kisha 10, kisha 30. Ukirefusha ghafla, kupiga kutarudi.

Dhana: Amezidisha, njia imeshindwa.
Kupiga kusipomletea tena alichozoea kupata, huenda kukaongezeka kwa muda kabla ya kupungua. Kinachoharibu zaidi ni nyumba kugawanyika: mama anasubiri kadi, bibi anatoa simu kwa sababu ya mayowe. Nakala ya kadi iwepo jikoni, shuleni na kwa bibi, na wote waijibu vilevile. Kwa mtoto anayejiumiza, mpango huu uongozwe na mtaalamu tangu siku ya kwanza.