Mwandishi Anapomkabili Hadharani Haramia wa Kitabu Chake

Mwandishi anaamka, anafungua simu, na kukikuta kitabu chake kizima katika kundi la WhatsApp: kurasa zimepigwa picha moja baada ya nyingine, na pembeni mwa ukurasa wa 12 kinaonekana kidole gumba cha aliyekuwa amekishikilia. Chini yake watu wanashukuru, na mmoja anauliza iwapo juzuu ya pili ipo. Linalomjia haraka ni kumtaja mtumaji kwa jina, mbele ya wote, kwa hasira.

Hasira hiyo ina msingi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaolinda kazi za fasihi na sanaa, unataka ulinzi huo usitegemee usajili, na kwa kawaida udumu maisha yote ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kudai kwamba hukuona alama ya hakimiliki, au kwamba faili ulilikuta tayari mtandaoni, hakukupi ruhusa ya kulisambaza.

Hata hivyo, sisi tunaopokea malalamiko ya waandishi tunaona kosa moja likijirudia: mwandishi hugomba kwanza, kisha ndipo hutafuta ushahidi. Aliyekemewa hulifuta faili mara moja, msimamizi humwondoa mwandishi kundini, na kinachobaki ni maneno makali ya mwandishi peke yake, ambayo yakimwangukia asiyehusika yanaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa wa kashfa. Aliyetuma faili mara nyingi siye aliyelitengeneza, na aliyenukuu aya moja na kutaja chanzo kwa kawaida hajavunja sheria hata kidogo.

Kabla ya kusema neno, basi, hifadhi picha za skrini zinazoonyesha tarehe na saa, nakili kiungo kilivyo, na utunze faili lenyewe. Ikiwa ni nakala ya karatasi, nunua moja, omba risiti, kisha uilinganishe na halisi. Nakala ya kuibia mara nyingi hujisaliti kwa herufi zilizofifia, jalada lenye rangi hafifu, na kurasa zilizopinda kidogo kwa sababu zilitolewa kwenye skana. Soma pia mkataba wako, kwani kama haki ya kuchapisha na kusambaza ulimkabidhi mchapishaji, huenda yeye ndiye mwenye uwezo wa kufungua kesi. Majukwaa makubwa yana fomu ya kuomba kazi iondolewe, utaratibu uliotiliwa nguvu na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na fomu hiyo, ingawa haina utamu wa kumwaibisha mtu, huondoa faili kwa uhakika zaidi kuliko matusi.

Sisemi mwandishi anyamaze. Mwaka 1842 Charles Dickens, mwandishi wa riwaya kutoka Uingereza, alizuru Marekani, ambako vitabu vyake vilichapishwa bila yeye kulipwa, na katika karamu za Boston na Hartford alisimama akadai hakimiliki ya kimataifa. Magazeti yalimshambulia kwa tamaa ya fedha, na mengine yenyewe yalikuwa yakinufaika na kazi za waandishi wa kigeni. Marekani ilipitisha sheria ya kuwalinda waandishi hao mwaka 1891, miaka 21 baada ya Dickens kufariki. Hotuba zake hazikumzuia mchapaji hata mmoja wakati huo, lakini zililenga biashara na sheria, wala hazikumsimanga msomaji aliyeshika nakala ya bei rahisi.

Ushahidi ukishatunzwa, ujumbe wa kundini unaweza kuwa mfupi: “Mimi ndiye mwandishi wa kitabu hiki na sikuruhusu kisambazwe. Naomba faili liondolewe leo. Kinapatikana kihalali hapa.” Sentensi ya mwisho, pamoja na kiungo chake, isisahaulike, kwa sababu baadhi ya waliokuwa wakishukuru walikitafuta kitabu hicho kwanza na hawakujua kinauzwa wapi.